Dakika 24: Mtambo Unaosahau na Mtambo Usiosahau

Leo siasa naiweka pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu kitu ambacho sisi waandishi tumezoea kuwaachia mafundi: kile kisanduku kidogo kinachokaa chini ya nywila, kimeandikwa "Nikumbuke". Nimeshinda nacho majuma matatu na nimetoka na imani moja. Mtambo unaokusahau hupigiwa kelele na kila mtu. Mtambo unaokataa kukusahau haupigiwi kelele na yeyote, na huo wa pili ndio wa kuogopa, hasa kama kazi yako ni kutunza majina ya watu waliokuamini.

Nianze mwanzo. Gazeti ninaloandikia (jina lake halina maana hapa) lina mtambo wake wa ndani. Mwandishi aliyeko mkoani anafungua kivinjari, anaingia kwa jina na nywila, anaandika habari yake humo humo, anabonyeza "Hifadhi", na mhariri aliyeko Dar es Salaam anaiona papo hapo. Kitu kizuri sana kinapofanya kazi. Tatizo ni kwamba kuna siku ulikuwa unakula habari. Mtu anaandika, anabonyeza "Hifadhi", na badala ya habari yake anaona ukurasa wa kumwomba jina na nywila, kama vile hajawahi kuonekana pale. Akirudi nyuma, anakuta ukurasa mweupe.

Aliyeliwa kuliko wote ni mwandishi wetu wa Rukwa, kaka mkubwa mwenye miaka mingi kazini kuliko sisi wengine wote. Siku moja alinipigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Mtambo wenu umenila tena. Maneno elfu moja na mia mbili. Waambie hao wenye kompyuta kwamba kalamu na karatasi havijawahi kunifanyia hivi."

Mimi si fundi. PHP nilijifunza kidogo nikiwa chuoni, kiasi cha kusoma msimbo wa mwenzangu na kuuelewa, basi. Lakini mhariri alishasikia kwamba "yule kijana anajua kompyuta", na katika chumba cha habari maneno hayo yanatosha kuwa barua ya uhamisho. Nikaambiwa nikae na fundi mpaka jambo liishe.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kuhusu kuki, au vidakuzi kama wanavyosema wengine. Fikiria hospitali ambayo muuguzi wake wa mapokezi hana kumbukumbu kabisa. Umeongea naye sasa hivi, umekwenda maabara, umerudi, hakujui. Ndivyo ilivyo HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza. Kila ombi ni jipya, na seva haikumbuki lililotangulia. Hospitali yenye muuguzi wa namna hiyo ingefanyaje? Ingekupa kadi yenye namba, na faili lako ingelitunza masjala. Kila ukija unaonyesha kadi, wanavuta faili, wanajua wewe ni nani na ulifikia wapi. Kuki ndiyo hiyo kadi. Aliyeibuni ni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, mwaka 1994, ili duka la mtandaoni liweze kukumbuka kikapu cha mnunuzi anapohama ukurasa mmoja kwenda mwingine.

Sasa basi, mtu akikwambia "nimetolewa nje", kuna mambo mawili tu yanayoweza kuwa yametokea: ama kadi imepotea, ama faili limepotea. Fundi wetu aliamini ni kadi. Alikuwa na sababu. Kuki inayotolewa bila tarehe ya mwisho hufa kivinjari kikifungwa. Kuki iliyotolewa kwenye anwani yenye "www" inaweza isitambulike kwenye anwani ile ile isiyo na "www". Alishawahi kukutana na yote hayo. Kwa hiyo alikuwa anabadilisha kitu, anasubiri malalamiko, anabadilisha kingine.

Mimi nikafanya kile ninachokijua. Nikachukua daftari, nikawapigia waandishi kumi na mmoja, nikawauliza maswali yale yale tunayowauliza watu kila siku. Nani? Lini? Wapi? Ulikuwa unaandika nini? Ulianza saa ngapi, ukabonyeza "Hifadhi" saa ngapi?

Majibu yalikuwa na sura, na sura yenyewe ilinishangaza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupoteza habari fupi. Ajali ya barabarani, mkutano wa mkuu wa mkoa, matokeo ya mpira, zote zilifika salama. Zilizoliwa ni zile ndefu: makala, uchunguzi, zile ambazo mtu anaandika, anasimama, anapiga simu kuhakikisha jambo, anarudi. Kwa maneno mengine, mtambo ulikuwa unakula kazi nzuri na kuacha kazi ya haraka. Sura ya pili: wanaoandika usiku wa manane hawakuwa wakilalamika. Walioliwa walikuwa wameandika mchana, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane.

Nikampelekea fundi daftari. Akalitazama kwa muda, kisha akamwomba mwandishi mmoja aliyekuwa ofisini asiguse kitu pindi akitolewa, amwite. Saa sita mchana akaitwa. Tukafungua orodha ya kuki kwenye kivinjari cha yule dada. Kuki ilikuwepo, nzima, na namba yake ile ile. Kadi haikupotea. Waliopoteza ni masjala.

Hapo ndipo tulipokwenda kusoma namna PHP inavyotunza mafaili yake. Ikiachwa kama ilivyokuja, faili la mtu ambalo halijaguswa kwa sekunde 1440 huhesabiwa kuwa takataka. Gawanya kwa 60: dakika 24. Na kuandika si kugusa. Unaweza kuchapa kwa saa nzima, jasho likikutoka, lakini seva haioni herufi hata moja mpaka ubonyeze kitufe. Kwake yeye, mwandishi anayehangaika na aya ya kumi na mtu aliyekwenda kulala ni kitu kimoja.

Kwa nini mchana na si usiku? Kwa sababu PHP haifagii takataka hizo kwa ratiba. Hufagia kwa bahati nasibu. Kwa mpangilio wake wa asili, kila ombi linaloingia lina nafasi moja kati ya 100 ya kuamsha ufagio. Mchana tovuti ya gazeti ina wasomaji wengi. Yakija maombi 300 kwa dakika, ufagio hupita kama mara tatu katika dakika hiyo. Usiku wa manane, maombi yakiwa machache, saa nzima inaweza kupita bila ufagio kuguswa, na faili lako lililokwisha muda linakaa pale pale kama kawaida. Ndiyo maana fundi, ambaye alikuwa anafanya majaribio yake usiku kukiwa kimya, hakuwahi kuuona ugonjwa hata mara moja. Alikuwa anakwenda kumwinda mbu mchana wakati mbu hutoka usiku, ila huku kwetu ilikuwa kinyume.

Fundi akaongeza muda kutoka dakika 24 hadi saa nane. Tukapongezana. Kesho yake mchana dada yule yule akatolewa tena baada ya nusu saa.

Hili nalo limeandikwa wazi kwenye maelezo ya PHP, ila halisomwi na mtu mpaka limuume. Tovuti yetu inaishi kwenye seva ya kukodi pamoja na tovuti za watu wengine, na zote zilikuwa zinaweka mafaili yao kwenye folda moja. Sisi tulisema saa nane. Jirani, ambaye hatumjui wala hatujui, bado alikuwa kwenye dakika 24. Ufagio wake ukipita hauulizi faili ni la nani. Anayekubali muda mfupi kuliko wote ndiye anayewaamulia wote. Dawa ni rahisi ukishaujua ugonjwa: kuwa na folda yako mwenyewe.

Laiti tungeishia hapo. Lakini kabla hatujaligundua hili la jirani, mhariri alishachoka kungoja, na fundi akaamua kumaliza mambo kwa njia ya mkato. Akaongeza kisanduku cha "Nikumbuke", akakiweka tiki tayari, na nyuma yake akatengeneza kuki ya pili yenye umri wa mwaka mzima. Ikitokea masjala wamepoteza faili, kuki hiyo inamtambulisha mtu upya na kazi inaendelea. Malalamiko yakakoma siku hiyo hiyo. Mhariri akanunua soda. Kaka yetu wa Rukwa akanitumia ujumbe: "Sasa mmekuwa watu."

Mimi sikulala vizuri. Tabia hii ya kuuliza haiishi. Nikamwuliza fundi: hiyo kuki imeandikwa nini ndani yake? Akanionyesha. Ilikuwa neno "mwandishi", alama ya usawa, na namba. Yangu ilikuwa 31. Tukiwa tumekaa pamoja, kwa ruhusa yake, nikaifuta 31 nikaandika 2, nikabonyeza kitufe cha kupakia ukurasa upya. Juu kabisa ukurasa ukanisalimia kwa cheo cha mhariri mkuu. Habari zote ambazo hazijatoka, zote, zikawa mbele yangu.

Fundi akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Lakini nani atafikiria kufanya hivyo?"

Nikamjibu kwamba hata asiyefikiria anaweza kufika. Na juma lile lile jambo likatokea, bila mtu yeyote kubadilisha namba yoyote.

Kaka yetu wa Rukwa kompyuta yake iliharibika, akawa anaandikia kwenye steshenari iliyo karibu na stendi. Kwa wasiojua, huko mikoani steshenari ndiyo ofisi ya kila mtu. Pale ndipo watu wanapochapisha barua, wanapojaza maombi ya mikopo ya wanafunzi, wanapotoa nakala za vyeti. Kompyuta mbili tatu, zamu kwa zamu. Kaka aliandika pale makala kuhusu fedha za mradi wa maji, na kwenye rasimu, chini kabisa, aliweka kwa ajili ya mhariri jina la mtu aliyempa nyaraka, na namba yake ya simu. Akahifadhi. Akabonyeza "Toka", kama alivyofundishwa. Ukurasa ukamwambia kwaheri. Akalipa, akaondoka.

Asubuhi yake binti wa steshenari akafungua tovuti yetu amchapishie mteja tangazo la kazi. Ukurasa ukamkaribisha kwa jina la kaka. Akabonyeza, akaona rasimu. Mungu ambariki binti yule, hakusoma zaidi. Alimpigia simu: "Baba, mlango wako umebaki wazi huku."

Nilipokaa na fundi kutafuta kwa nini "Toka" haikumtoa, tulikuta jambo dogo sana. Kivinjari huitambua kuki kwa vitu vitatu pamoja: jina, anwani na njia. Hivyo ndivyo inavyosema hata hati ya kanuni za kuki ya Aprili 2011, RFC 6265. Ukitaka kuifuta, unatuma kuki nyingine yenye vitu hivyo vitatu vilevile na tarehe iliyokwisha kupita. Kuki ya mwaka mzima ilikuwa imetolewa kwa tovuti yote. Amri ya kuifuta ilitoka kwenye folda ya waandishi bila kutaja njia, kwa hiyo kivinjari kikaielewa kuwa inahusu folda hiyo peke yake. Kikatafuta kuki ya huko, hakikuiona, hakikusema neno. Kila aliyebonyeza "Toka" tangu siku ya soda alikuwa anaagwa mlangoni huku ufunguo umebaki kwenye kitasa.

Angalieni tofauti ya magonjwa haya mawili. La kwanza lililetewa simu kumi na moja. La pili, katika siku zote zile, lililetewa simu moja, tena na mtu asiye wetu. Hakuna mwandishi anayepiga simu kulalamika kwamba mtambo umemkumbuka mno. Anashukuru. Na kwa kuwa mafundi hufanya kazi kwa kufuata malalamiko, ugonjwa usio na malalamiko hauna tabibu.

Wala si jambo la Rukwa peke yake. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa programu ndogo ya kivinjari cha Firefox iliyoitwa Firesheep. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya wazi, ilikuonyesha kuki za watu walioko karibu nawe kwenye tovuti kama Facebook na Twitter, na kwa kubonyeza tu ukaingia ukiwa wao. Hakuiba nywila ya mtu. Hakuihitaji. Alitaka dunia ione kwamba mwenye kadi ndiye mgonjwa, kwa upande wa muuguzi asiye na kumbukumbu, na kwamba tovuti zile zilikuwa zinapitisha kadi hizo hewani bila bahasha. Miaka iliyofuata tovuti kubwa zikahamia kwenye HTTPS kwa kurasa zote.

Na njia nzuri ya kutengeneza "Nikumbuke" haikuwa siri. Mwaka 2004 Charles Miller aliandika pendekezo lake: weka kwenye kuki namba ndefu ya kubahatisha isiyo na maana yoyote, itumike mara moja tu, kisha mpe mtu nyingine. Mwaka 2006 Barry Jaspan akaongeza namba ya mfululizo, ili kuki iliyokwisha tumika ikijitokeza tena mtambo ujue kwamba kuna wawili wanaoshika kadi moja, na mmoja wao ni mwizi.

Tukakaa siku nne tukaandika upya. Nawaorodheshea tulichofanya, kwa kuwa najua wapo kati yenu wenye mitambo kama wetu.

Kuki sasa haina jina wala namba ya mtu. Ina tokeni ndefu ya kubahatisha, na hata sisi kwenye hifadhidata hatuitunzi yenyewe. Tunatunza alama yake iliyopitishwa kwenye hesabu isiyorudi nyuma, ili anayeiba hifadhidata asipate funguo. Kuki inasafiri kwenye HTTPS peke yake, na JavaScript haiwezi kuisoma.

Kisanduku cha "Nikumbuke" hakina tiki mpaka mtu aiweke mwenyewe, na chini yake pameandikwa: "Usiweke kama kompyuta si yako." Umri wake ni siku 30, si mwaka.

Kutoka ni kutoka. Ukibonyeza, kwanza tunachana kipande kilichoko masjala, ndipo tunaiambia kivinjari kifute chake. Kivinjari kikigoma, kadi yake haina faili tena. Ukibadilisha nywila, vipande vyote vinachanwa. Na kila mwandishi anaona orodha ya mashine zinazomkumbuka, akiwa na kitufe cha kuifuta yoyote kutoka alipo. Aliyeacha mlango wazi Sumbawanga anaufunga akiwa Mpanda, kwa simu yake.

La mwisho ndilo ninaloliona la maana kuliko yote, na fundi ndiye aliyeliwaza, kwa hiyo sifa ni zake. Tukatenganisha kumbukumbu ya mtu na kumbukumbu ya kazi yake. Rasimu sasa inajihifadhi yenyewe kila nusu dakika. Masjala wakikusahau, utaombwa nywila, utaingia, utaikuta aya yako ya kumi ilipo. Watu walikuwa wanataka kukumbukwa mwaka mzima kwa sababu moja tu, kwamba kusahauliwa kuliwagharimu maneno elfu moja na mia mbili. Gharama ilipoondoka, hakuna aliyedai mwaka tena. Wengi hata tiki hawaweki.

Kuhusu yule mtu wa mradi wa maji, kaka alikwenda kwake mwenyewe, ana kwa ana, akamweleza kilichotokea. Makala ilitoka bila jina lake. Na majina ya watoa habari hayaandikwi tena kwenye mtambo. Yanasemwa kwa mdomo, mwandishi kwa mhariri, na kaka anasema hivyo ndivyo walivyofundishwa tangu zamani, kabla sisi wa kompyuta hatujaja kuwarahisishia mambo.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa kwenye kompyuta ya watu, kabla hujaamka, usitosheke na neno kwaheri. Baada ya kutoka, fungua tena ukurasa uliokuwa ndani yake uone kama utaulizwa nywila. Usipoulizwa, bado umo ndani, na anayengoja zamu nyuma yako ataingia akiwa wewe.